Mali

Jina alikuja nalo. Kwa Kiwelisi, aliniambia Bi Eluned Prosser,
ni jina la msichana tu, kama Mariamu.
Sikumwambia kwetu maana yake nini.
Nilicheka peke yangu garini,
kisha nikalipa, na tangu siku ile
Mali anakula mali.

Saa kumi na moja alfajiri, Llanidloes.
Mvua haijaamua inyeshe au iende zake.
Natoka zamu ya usiku na harufu ya wodi mikononi,
navaa mabuti, naingia bandani:
toroli, uma, samadi,
ndoo iliyoganda, nyundo ya kuvunjia barafu.
Yeye hungoja nimalize kufagia
ndipo akojoe.
Asante ya punda ni mateke, walisema wahenga.
Wahenga hawakufuga farasi.
Asante yake ni ankara ya daktari wa mifugo.

Jumapili mama hupiga simu kutoka Singida.
"Analiwa?"
"Haliwi, mama."
"Analima?"
"Halimi."
"Maziwa?"
Nikanyamaza. Naye akanyamaza, salio likiteketea.
"Basi huyo si mnyama, mwanangu. Huyo ni mkwe."

Kazi ikapatikana Kelso, Uskoti.
Nyumba niliifunga kwa jioni mbili:
masanduku tisa, sufuria, kanga za marehemu shangazi.
Mali alinichukua miezi miwili.
Malisho yasiyo na seng'enge. Mhunzi asiyekawia.
Nyasi kavu zisizonuka ukungu.
Na farasi mwenza wa kumwona ng'ambo ya ua,
maana farasi peke yake huliwa na upweke hadi mbavu zihesabike.
(Mimi hakuna aliyenitafutia mwenza. Sikulalamika.)

Na pasipoti.
Ndiyo, farasi wa nchi hii ana pasipoti, sheria inataka isafiri naye:
mchoro wa mwili mzima, soksi nyeupe ya mguu wa nyuma,
pale nywele zinapojisokota pajini.
Yake niliibadilisha jina la mwenyewe kwa posta, wiki tatu.
Yangu ilinigharimu miaka kumi na mmoja
na mtihani wa wafalme waliokwisha kufa.
Nimeziweka droo moja. Zinafahamiana.

Siku ya kuhama akagoma.
Emrys alileta lori, akashusha ngazi, akatandaza majani.
Mali akaweka kwato moja juu ya ubao,
akasikia mlio wake, akairudisha.
Tukabembeleza kwa tufaha. Tukasukuma. Emrys akatukana kwa Kiwelisi,
lugha ambayo hata matusi yake yanasikika kama sala.
Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita,
mimi nimeshika kamba, nimesimama uani
naitazama jikoni yangu tupu kupitia dirishani.

Bi Eluned akaja na fimbo yake, akatutazama wote wawili, mimi na farasi.
"Na wewe," akasema, "mbona hujaingia?"

Nikaingia.
Nikakaa juu ya robota la nyasi, nikampa mgongo,
nikaanza kula karoti yake.
Ilikuwa baridi na tamu na ina mchanga.
Nyuma yangu ubao ukalia mara moja.
Ukalia tena.
Kisha pumzi ya moto shingoni,
na mdomo mkubwa wenye adabu
ukaomba kilichobaki.

Usiku wa kwanza Kelso hakulala.
Alizunguka ua akiuhesabu, nguzo kwa nguzo,
akinusa upepo usio na mtu anayemjua.
Nami nikatoka na blanketi, nikamfuata,
tukahesabu pamoja; mimi nilifika arobaini na tatu nikapotea.

Alfajiri, saa ileile,
banda geni, ufagio uleule.
Nikafagia hadi kona ya mwisho, nikasimama kupumua.
Akanitazama.
Akatanua miguu,
akakojoa polepole, kwa raha, mvuke ukipanda hadi darini.

Nikajua tumefika.